Mama Nakala na Mashine Iliyopona

Kompyuta ya Mama Nakala ilikuwa haiwaki; ilikuwa inaamka. Ukibonyeza kitufe asubuhi, ilikohoa kwanza, ikanguruma, ikanyamaza kama mtu aliyejigeuzia ukutani, halafu kioo kikaanza kupata mwanga kwa kujivutavuta. Mpaka uione ile picha ya maua, umeshajua nani kaposwa, nani kanuniwa na mama mkwe, na nani anaapa ameacha sigara wakati mfuko wa shati lake unasema mengine.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha mbele, kati ya kinyozi na muuza rangi. Kupiga chapa, kutoa nakala, kuchapa kadi za harusi, kufunika vyeti kwa plastiki, yote hapo. Upande mmoja meza, kompyuta na printa. Upande wa pili benchi refu la mbao lililong'azwa na makalio ya watu. Mteja akija na karatasi yake moja, anaambiwa, "Kaa, mwanangu, inaamka," naye anakaa. Akikaa, anaulizwa habari za nyumbani. Akiulizwa, anasema. Na akisema, basi tena.

Mumewe Mama Nakala alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kuja na kuondoka kama homa. Watoto wote wameshaoa na kuolewa. Nyumbani kwake jioni palikuwa kimya hata ukasikia friji ikiwaza. Kwa hiyo mama huyu, ambaye hakuwahi kuweka siri ya mtu hata kwa nusu saa, alikuwa na siri yake moja tu: lile benchi ndilo lililokuwa nyumba yake, na ugoigoi wa ile mashine ndio ulioijaza watu.

Sasa mashine ikazidi. Siku moja, katikati ya kadi za harusi, ikaganda kioo kikiwa cha buluu, na baba wa bibi harusi amesimama hapohapo na kofia mkononi.

"Imekufa?" aliuliza yule baba.

"Haijafa, imezimia," Mama Nakala alisema, lakini hata yeye aliona hali si hali.

Shemeji yake, mdogo wa mumewe, akaja mbio. Huyu alikuwa mtu wa kujua bei ya kila kitu mjini na kutonunua hata kimoja. "Shemeji, nilisema mimi! Tupa hili sanduku. Kuna laptopu mpya pale dukani, bei ya kutupwa, nyembamba kama sahani. Unaifungua, inawaka, kwisha habari."

"Mpya ya nje hiyo," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa fundi wa kompyuta, dada mmoja mfupi mwenye mkoba mzito, ambaye mtaa mzima ulimwita Bisibisi. Kufunga mdomo hakujua, kufungua vitu alijua. "Niambie, shemeji wa watu, ndani ina nini?"

"Ina... si ina mambo yake."

"Ina memori ya kijiko! Tena imegandishwa humohumo, huwezi kuiongeza hata ukilia. Leo inakimbia, mwakani inatambaa. Hili sanduku unalolitukana lina mifupa. Kinachoumwa ni diski tu, ile ya kuzunguka, imezunguka mpaka imechoka. Naitoa, naweka ya kisasa isiyozunguka, naongeza memori, napuliza hili vumbi la kufugia kuku. Mtakuja kunisalimia."

Benchi lilikuwa limejaa, na benchi la Mama Nakala halikuwa la kukaa kimya mbele ya kesi ya mtu. Mama Mbiu, jirani mwenye sauti ya kuita watu kutoka mtaa wa pili, alinyoosha kidole. "Wahenga walisema, kipya kinyemi!"

"Umesikia?" shemeji alichangamka.

"Sijamaliza, baba. Ingawa kidonda! Methali husomwa mpaka mwisho."

Wakacheka. Mwalimu, mzee mstaafu aliyekaa siku zote karibu na feni, akasema jungu kuu halikosi ukoko. Shemeji akajibu kwamba ukoko hauchapi kadi. Ubishi ukawa ubishi, hata kinyozi akaacha kichwa cha mteja nusu na kuja kupiga kura.

Mama Nakala alikuwa hasikilizi. Alikuwa anapiga hesabu zake mwenyewe kimoyomoyo. Mpya, alijisemea, itakuwa na mbio, haina mjadala. Lakini kizee hata ukikipeleka hospitali, kitapona kikohozi tu. Mkongojo kitabaki nao. Yaani mashine itakuwa nzima, haizimii mbele za watu, na bado itaamka kwa raha zake kama zamani. Mtu angetaka nini tena?

"Tuitengeneze," alisema. "Siwezi kumtupa aliyenilisha."

Benchi zima likampigia makofi kwa utu wake. Naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, mwongo mkubwa.

Bisibisi akalala nayo chumbani kwake, akairudisha asubuhi, akabonyeza kitufe. Kabla Mama Nakala hajavuta kiti, ile picha ya maua ilikuwa imeshamkodolea macho.

"Mbona haijakohoa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Itakohoa nini? Imepona!"

Kadi za harusi zikatoka, baba wa bibi harusi akaondoka anaimba. Huo ndio ukawa mwisho wa furaha ya siku hiyo. Kijana mmoja aliyeleta barua ya kuomba kazi, Mama Nakala anafungua mdomo amuulize habari za nyumbani, mtu yuko nje, barua mkononi. Mama Mbiu alikuja na habari mbichi ya binti wa muuza rangi. Akafika pale pazuri, pale binti anapomwambia mchumba wake, "Basi chagua, mimi au pikipiki," nakala zikatoka. Na zikishatoka, adabu inataka uondoke. Mama Mbiu akachukua nakala zake, akachukua na habari yake. Jioni ile Mama Nakala alikaa na friji yake bila kujua mchumba alichagua nini.

Kesho yake alikigeuza kioo kikatazama ukuta, asikione mtu ila yeye.

"Vipi, mama, ile mashine si ilitengenezwa?" Mwalimu aliuliza.

"Aa, mwalimu, mgonjwa ni mgonjwa. Kaa, inaamka."

Mwalimu akakaa. Mama Mbiu akaja, naye akakaa. Mama Nakala akawa anagonga vitufe visivyo na kazi, anakunja uso, anampigapiga kipanya mgongoni kama mtoto anayetaka kucheua. Kazi ilikuwa imekwisha zamani. Printa aliiachia itoe nakala pale tu habari ilipokwisha. Mchumba alichagua pikipiki, kumbe, halafu pikipiki ikaibiwa! Benchi lilicheka mpaka muuza rangi, baba mtu, akaja kuuliza wanacheka nini, wakamwambia wanacheka hali ya hewa.

Mambo yakawa matamu hivyo siku baada ya siku. Lakini watu wanaokaa pamoja hawakosi la kusema, na safari hii walilosema lilikuwa: Bisibisi kaharibu. Kala hela ya mama wa watu, mashine iko vilevile. Shemeji ndiye aliyelitembeza, nyumba kwa nyumba, kama ana mshahara nalo. Mwenye shule ya udereva aliyekuwa amempa Bisibisi kompyuta zake zote akatuma mtu kuzichukua.

Asubuhi moja, benchi limejaa, shemeji naye yupo na laptopu mpya kwapani, ameiazima dukani "uionjeonje tu, shemeji", mlango ukasukumwa. Bisibisi. Hakutoa hata salamu.

"Nani hapa anasema mimi fundi wa kubahatisha?"

Shemeji akaangalia dari.

"Mama," Bisibisi alimgeukia Mama Nakala, akautua mkoba wake chini. "Mimi sina duka. Sina kibao. Nina jina tu, na jina lenyewe wanaliua kwa kazi ya mikono yangu. Niambie wapi nimekosea, niirudie bure."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mama Nakala ilikuwa imefika ukutani pamoja na kile kioo. Alilitazama benchi lake, limejaa kutoka ncha hadi ncha. Akamtazama yule dada na mkoba wake. Akainuka, akakigeuza kioo kikatazama watu, akaizima mashine, akaiwasha tena.

Maua yakatokea papo hapo.

"Haa!" benchi likasema kwa pamoja.

"Haijakosewa kitu," Mama Nakala alisema. "Ni mimi. Ikiwa na mbio mnaniondokea. Mkiondoka nabaki na friji. Nikaona niwadanganye kidogo. Nisamehe, mwanangu, sikujua uongo wangu utakuchoma wewe."

Mwalimu ndiye aliyekohoa kwanza. "Mimi ile barua ya mafao unayonichapia kila wiki," alisema, "mafao nimeshalipwa zamani. Nakaa tu."

"Mwalimu!"

"Nyumbani feni mbovu. Na hakuna wa kubishana naye."

Mama Mbiu akafungua pochi yake, akamwaga mapajani nakala za kitambulisho chake, lundo zima. "Na mimi je? Kitambulisho kimoja, sura yenyewe siipendi, nakala kama magazeti! Mnadhani nagombea ubunge?" Kicheko kikapasuka. Kinyozi akaungama kwamba bei za kunyoa anazochapisha kila mwezi hazijabadilika tangu ajifunze kunyoa. Wakawa wanaungama wanapokezana, kila mmoja na karatasi yake ya uongo, mpaka Mama Nakala akafuta machozi kwa kitambaa cha kusafishia kioo.

"Na wewe?" Bisibisi alimshika shemeji bega. "Wewe uliyenitangaza. Duka la laptopu linakupa nini?"

"Hawanipi kitu, wallahi." Shemeji aliiangalia ile sahani yake kwapani, akaangalia sanduku mezani. "Nilitaka anunue mpya, ili hii ya zamani... anipe mimi."

Hapo hata Bisibisi alikaa chini. Alikaa palipobaki, kwenye ncha ya benchi, anacheka amejishika mbavu.

Alipopata pumzi akadai fidia yake: tangazo, herufi kubwa, libandikwe mlangoni leo hii, mtaa mzima usome kwamba mashine ni nzima na fundi ni yeye. Na nakala ipelekwe kwa mwenye shule ya udereva, aipeleke shemeji, kwa miguu yake. Mama Nakala akakubali yote, akakaa mezani, akauliza waandike nini.

Kumbe hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mwalimu alitaka kuanza na "Kwa heshima na taadhima". Mama Mbiu akasema huo ni msiba. Kinyozi alitaka jina la Bisibisi liwe jekundu. Bisibisi akataka liwe jekundu na kubwa. Mtu aliyekuja na haraka zake alipewa nakala zake hapohapo, bila hata kukaa, akalipa, akafika mlangoni, akasikia wanabishana kama waandike "fundi hodari" au "fundi hatari", akarudi kusema lake.

Jua lilipopita kichwani, wakaafikiana. Printa ikalitema mara moja, likabandikwa:

MASHINE YETU IMETENGENEZWA NA BISIBISI, FUNDI HATARI. INA HARAKA. SISI HATUNA.