Njia Yenye Kamiyo Haiingiaka

Nyuma ya Kakontwe, fasi yenye vumbi nyeupe ya kariere, kule banachimbaka mawe, inaishiaka na majani inaanza, kulikuwa bichuguu mbili. Zilikuwa kubwa kupita nyumba, kila moya na miti yake juu ya kichwa sawa nywele yenye haichanwe. Katikati kulibakia fasi ya kinga moya, baiskeli moya tu na mwenyewe juu yake, na tena lazima akunje viwiko. Bantu ya makala wakati banatoka mu pori balikuwa banafika pale, banashusha mifuko, banapitisha kinga, kiisha banarudia kubeba mifuko ku kichwa. Balitukana ile bichuguu kila siku yenye Mungu alileta. Blandine, yeye, aliipenda kupita kintu yote ya Likasi.

Aliipenda juu kamiyo, ile malori ya mizigo, haikuwa na namna ya kupita.

Yaya yake, kaka yake mukubwa Rémy, alikufa na kamiyo, ku balabala ya goudron, ile ya lami. Alikuwa anatoka kutembeya Kapolowe na kinga, vile alizoea kila siku ya posho, kusudi kesho yake, Jumapili, bamukute ku misa. Kamiyo moya yenye kubeba mawe ya mine, ya mugodi, ilitaka kupita ingine, ikamukuta pembeni, na haikusimama. Kinga ilifika ku nyumba mbele ya maiti. Ilikunjama gurudumu ya mbele tu. Kiisha matanga, mama akaisukuma nyuma ya nyumba na akaifunika na mifuko. Blandine akaifunula, akaitengenezesha, hakulomba ruhusa ku muntu.

Alikuwa mutoto ya haya. Ku masomo alikuwa anajibia chini-chini mpaka banamuambia arudilie. Lakini ile wakati akaanza kusimamisha bantu mu njia: ba mama ya mashamba, bantu ya makala, mulinzi ya waya ya umeme. Akauliza bote paka neno moya tu: pa kupita ni wapi, muntu afike Kapolowe bila kukanyaga goudron. Huyu akamuonesha kipande, ule kipande. Kulikuwa njia chini ya waya ya courant yenye kutoka Mwadingusha. Kulikuwa tuta ya reli ya zamani, yenye chuma ilishaka kuyibiwa. Kiisha bichuguu mbili, kiisha miti tatu zenye kulala juu ya kamuto, ile muto kidogo, kiisha mashamba ya mahindi mpaka nyuma ya misheni. Akaunga ile bipande sawa muntu anashona nguo. Siku yenye alitokea Kapolowe bila kusikia moteri hata moya tangu Likasi, alishuka ku kinga, akaikala mu majani, na akalia mpaka akachoka.

Kazadi alikuwa rafiki ya Rémy na prezida ya bavijana ya paroisse, ile parokia yao, benye kupenda kutembeya na kinga. Blandine akamupitisha kule mara moya, hakuachia tena. Bakafyeka majani, bakapakaa mawe rangi nyeupe na mushale ku kila fasi njia inagawanyika. Kiisha miezi kidogo bakaanza kuya hata bantu ya Lubumbashi, kinga juu ya bisi, banalala ku misheni, banarudia kesho. Balikuwa banasema hawayaona fasi sawa ile: unasikia munyororo ya kinga yako weye mwenyewe, unasikia mwenzako anapumua. Kazadi akasema basi iitwe Njia ya Rémy. Hakuna mwenye alikatala.

Maneno ikafika ku mama, na ni pale ilianza kuharibika.

Mama alisema, mwaka ya kifo kama inatimia, Abbé Godefroid, padri ya paroisse, asome misa kule ku kamuto na abariki njia ya mutoto yake. Abbé akaitika na roho yote. Lakini Abbé eko na magoti mubaya. Kutembeya na mikulu hawezi, kinga ndiyo kabisa usimutajie. Ataenda na jeep ya paroisse, na jeep itabeba viti na masufuria. Bakamukumbusha bichuguu. Kazadi akasema ile si kintu, tutachimba moya. Mu Likasi nani haijue vile udongo ya kichuguu inatoka matofali ya nguvu? Paroisse iko na ukuta yenye inangoja kumalizika. Bote bakaona ile ni akili.

Blandine alingoja mpaka balibakia babili, mama anasonga bukari, ile ugali, ku mbabula ya makala.

— Mama, kama jeep inapita, kamiyo itapita.

— Kamiyo itatafuta nini mu pori? Uyoga?

— Ku goudron kuko barrière, kila kamiyo inalipaka. Siku bakajua kuko njia ingine, batakuya. Abbé abariki upande ya huku tu, mbele ya bichuguu.

— Abariki ku mulango? Mutoto yangu ni mulombaji?

Mama akasonga kwanza, mwiko inagonga sufuria. Kiisha akasema bila kuinua macho:

— Weye unataka njia ikuwe ya weye moya. Unasikiaka vile banaita jina yake? Miye nasikiaka. "Mama Rémy," kiisha sauti inashuka, banaangalia chini sawa banakanyaga ku kaburi. Mwaka muzima. Minataka siku moya tu baite ile jina na nguvu, mu mwangaza, minasikia.

Blandine alikuwa na neno ya kumujibia. Bukari ikaiva, bakakula, na neno akaimeza pamoja nayo.

Bakachimba. Bavijana balishinda siku mingi na majembe, na kila tofali yenye ilitoka balikuwa banaisifu. Misa, kusema kweli, ilikuwa muzuri. Jeep ya Abbé ikapita pale polepole, bantu banapiga makofi. Balitaja Rémy mu maombi, balimutaja mu nyimbo, mama akacheza na pagne yake mupya, na ilikuwa mara ya kwanza tangu lufu ya Rémy Blandine kuona meno yake. Alijiambia, pengine ni miye niko na roho mubaya.

Mvua ya kwanza haikuya kunyesha, Blandine akakuta alama ya mipira ya gari pale katikati. Ilikuwa pick-up ya makala tu. Kiisha pick-up mbili. Kiisha siku moya, wakati anasukuma kinga mu tuta ya reli, akasikia ile sauti yenye angeijua hata mu usingizi, na akajitupa mu majani. Kamiyo tano zilipita, moya nyuma ya ingine, mawe ya mine chini ya bâche, ile turubai. Ku kamuto balikuwa bamekwisha kuweka bichuma ya reli pa fasi ya ile miti tatu.

Bavijana bakabilingisha mawe makubwa mu njia. Ba convoyeur, ile batumishi ya kamiyo benye kuikalaka juu ya mizigo, bakashuka, bakayatoa, bakaacha tu yenye mushale nyeupe, juu ile ilibasaidia kutopotea. Kazadi akaenda ku biro ya serikali kulalamika. Akarudia kichwa chini. Balimuuliza paka neno moya: nani alifungula ile njia? Bantu ya Lubumbashi bakaacha kuya. Kiisha hata bavijana bakaacha.

Mama hakuamini. Siku moya alilomba Blandine amupeleke, na akapanda nyuma ku porte-bagage, mikono mbili ku kiuno ya binti yake, mpaka Kakontwe. Bakafika. Kichuguu moya ilikuwa ikisimama. Ya pili ilibakia kovu mwekundu mu udongo, na juu ya kovu kamiyo ilikuwa inasimama, moteri inanguruma. Ingine ilikuwa nyuma, inasitasita. Convoyeur ya ile ya mbele akapanda juu ya mizigo, akaweka mikono ku kinywa na akaita mwenzake na nguvu yake yote:

— Rémy! Pita mu Rémy, moya kwa moya! Rémy inafikaka mpaka Kapolowe!

Na ya nyuma ikajibia na klakson. Mara moya, mara mbili, sauti ingine tena kule mbali: Rémy, Rémy. Vumbi ikafunika Blandine na mama.

Neno yenye Blandine alimeza na ile bukari ikatoka yenyewe.

— Sasa unasikia, mama. Banaita na nguvu.

Alitaka airudishe, lakini neno haikuwa kinga ya kugeuza. Mama hakumupiga, hakulia. Alipangusa uso na kipande ya pagne, pole, sawa muntu anapangusa meza ya bageni. Blandine akamuinamishia kinga apande. Mama akaipita, akaenda na mikulu, si njia yenye balikuya nayo, lakini ile ya kutokea ku balabala kubwa.

— Mama, kule ni ku goudron.

— Minajua, mama akasema. Kule hakuna mwenye anaita jina yake.