Jasho la Ndugu Wawili

Mpini wa jembe ulimpata Hermenegildi chini ya mbavu za kushoto, akapiga magoti kwenye mabua ya mpunga. Kaka yake, Kelestini, akauinua tena.

"Mpaka wa baba uko pale! Pale!"

Pigo la pili lilitua mgongoni. La tatu lilivunja mpini. Hermenegildi akapapasa panga lake, akalirusha bila kulenga, likamchana Kelestini paji la uso. Damu ikamfunika macho. Kelestini akaachia kipande cha mpini, akajishika kifua na kukaa kitako juu ya tuta walilokuwa wakiligombania.

Evod, mtoto wa Kelestini, aliwabeba wote wawili kwenye kirikuu, gari lake dogo la kusombea mpunga. Kandida, mke wa Hermenegildi, alipanda nyuma akilia. Saa nne asubuhi walifika kwenye zahanati iliyo karibu na Kivukoni. Tabibu Agnella alikuwa peke yake, maana muuguzi alikwenda kuchanja watoto kijiji cha pili.

"Baba kwanza," Evod alisema. "Si unaona damu?"

Agnella aliliangalia jeraha. Lilikuwa fupi, ila kichwa hutoa damu nyingi hata kikikwaruzwa. Akaweka shashi, akamwambia Evod akandamize. Kisha akamgeukia yule aliyekaa kwenye benchi.

Hermenegildi hakuwa na tone la damu. Alikuwa akiomba maji ya kunywa tu, kwa sauti ndogo. Mkono wake ulikuwa wa baridi, umelowa jasho, na mapigo yalikwenda mbio, membamba kama uzi. Agnella alimbonyeza ukucha, rangi ikachelewa kurudi. Tumbo lilikuwa gumu.

"Bega la kushoto linaniuma," alinong'ona.

"Ulipigwa begani?"

"Hapana."

"Anavuja damu tumboni, ndiyo maana bega linauma," Agnella alimwambia Kandida. "Usimpe kitu mdomoni." Wakamlaza chini, wakamwinua miguu, akatundikiwa dripu mbili, moja kila mkono, zikifunguliwa mpaka mwisho.

Hapo Kelestini akaanza kuhema. Jasho lilikuwa lile lile, baridi ile ile, na presha yake nayo ilikuwa chini.

"Mwekee na yeye dripu!" Evod alifoka.

Agnella alikuwa ameshashika sindano. Akasita. Kelestini alikuwa amekaa wima, lakini mishipa ya shingo ilikuwa imetutumka. Ya mdogo wake ilikuwa imenywea kabisa. Alimbonyeza Kelestini mguu, kidole kikaacha shimo. Aliposikiliza mgongoni, chini ya mapafu palikuwa panatokota.

"Kifua kiliwahi kukubana kabla ya leo?"

"Nikibeba gunia," Kelestini alisema kwa shida. "Nikipumzika kinaachia."

"Na leo?"

Akatikisa kichwa kwamba hakiachii, akajigusa taya, maumivu yalikopanda.

Agnella akaiweka sindano chini, akampa aspirini atafune. "Huyu ni moyo, Evod. Umeshindwa kusukuma. Maji yatamzamisha."

Kofi la Evod lilimtupa Agnella kwenye kabati. Chupa zikaanguka, zikavunjika.

"Unampendelea baba mdogo! Dripu mbili yeye, baba yangu kidonge!"

Evod akachomoa dripu moja kutoka mkono wa Hermenegildi. Maji na damu vikaruka ukutani. Kandida akamrukia, akamng'ata mkono na kung'ang'ania hivyo hivyo, naye akampiga ngumi ya mdomo mpaka jino likatoka.

Agnella aliinuka, sikio likivuma. Alisimama kati ya Evod na benchi alilokalia Kelestini. "Nipige tena. Lakini ukimtia maji haya, baba yako atafia mikononi mwako."

"Nitakuua wewe!"

"Evod." Ilikuwa sauti ya Kelestini. "Mwache. Hata nikijilaza tu... nazama."

Evod akabaki amesimama, mkono ukivuja damu. Kisha akatoka kwenda kuwasha gari.

Walivuka daraja kuelekea mjini, Hermenegildi akiwa amelazwa, kaka yake ameegemezwa magunia ili akae wima. Agnella alikaa katikati akiwa ameinua chupa ya dripu iliyobaki. Hermenegildi alifumbua macho mara moja.

"Nikifa," alisema, "nizikwe juu ya tuta lile."



Hospitalini Hermenegildi alipasuliwa haraka. Bandama ilikuwa imepasuka, ikaondolewa, akapona. Kelestini aliishi siku mbili, ya tatu moyo ukasimama. Kandida hakwenda msibani. Evod alimzika baba yake, na kesho yake polisi wakamchukua kwa kumpiga tabibu na mke wa baba yake mdogo, Kandida.

Jumatatu Agnella alifungua kliniki, shavu likiwa limevimba. Mjamzito wa kwanza alimkazia macho.

"Shikamoo daktari. Umeanguka?"

"Marahaba. Nimepigwa," Agnella alisema. "Kunja mkono wa gauni nikupime presha."