Aliyeita kwa Kilingala

Asubuhi ile Célestine alikuwa anang'oa karanga na jirani yake Honorine waliposikia ndege. Hawakushtuka mara moja. Kiwanja cha Kasongo kiko mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu kutoka mashamba yao, na ndege hupita, ingawa si kila juma. Lakini hii haikupita. Ilizunguka juu ya mawingu, ikaenda upande wa mto Lualaba, ikarudi, ikazunguka tena, mpaka Honorine akasimama wima na karanga mkononi.

"Inatafuta nini?" aliuliza.

Célestine alitazama juu. Hakupenda kitu kinachozunguka. Miaka mitatu nyuma, kule Wamaza, watu wenye bunduki walizunguka kijiji polepole kabla ya kuingia. Mume wake, Jean-Baptiste, hakutoka. Yeye alitoka na mama wa mume wake, Marie-Thérèse, ambaye macho yake yalikuwa yameshafunikwa na utando mweupe. Tangu siku ile wanawake hao wawili waliishi pamoja pembeni ya mji wa Kasongo, na msimu wa kuvuna walihamia shambani, wakalala kwenye kibanda cha bashi, yaani turubai, siku nyingi bila kurudi mjini.

Ndiyo maana hawakujua. Mjini kila mtu alijua. Redio ilitangaza, padri alitangaza baada ya misa, na msikitini pia ilisemwa Ijumaa. Chama cha vijana wanaoruka na parashuti kilikuwa kimetoka Kinshasa kuja kuonyesha mchezo wao kwenye sikukuu ya mji, na toka saa mbili kiwanja kilikuwa kimejaa watu. Lakini hakuna aliyepanda pikipiki kuja kuwaambia watu wa mashamba.

Wingu lilipasuka kidogo, na hapo Honorine akaona kitu cheusi kinaanguka. Kabla hajasema neno, kitambaa kikubwa kilifunguka juu yake, na kile kitu kikawa mtu, miguu ikining'inia. Upepo ulimsukuma ovyo. Alipita juu ya mihogo, chini sana, wakasikia kitambaa kinavyopigapiga, halafu akaingia kwenye miti ya kandokando ya kijito. Matawi yalivunjika kwa kishindo. Kisha kimya.

"Basoda!" Honorine alipiga kelele, yaani askari. "Basoda wanashuka na ndege!"

Alikimbia upande wa kambi ya Papa Mahamudu, mzee aliyesimamia ulinzi wa mashamba yote ya bonde lile. Kelele ilipokelewa shamba kwa shamba. Watu waliacha sufuria juu ya moto. Célestine naye alikimbia, lakini kuelekea kibanda, kwa sababu Marie-Thérèse alikuwa na nyonga mbovu na asingefika popote. Alimshika kwapani, akamkokota hadi katikati ya mihogo, wakalala kifudifudi.

"Ni wao?" mkwe wake aliuliza kwa kunong'ona.

"Sijui, Mama. Nyamaza."

Hapo ndipo sauti ilipotoka kwenye miti.

"Bosalisa ngai!"

Ilikuwa Kilingala. Célestine alijua maneno machache tu ya lugha ile, na yote alifundishwa na watu wenye bunduki: njoo, leta, kaa chini. Hili halikuwamo. Hata hivyo alimkandamiza mkwe wake chini zaidi.

"Nazali soda te!" sauti iliita tena.

"Unasikia? Anasema yeye ni soda."

"Amesema *te*," mkwe wake alijibu. Zamani aliishi Kindu na marehemu mume wake aliyefanya kazi kwenye reli, na Kilingala alikisikia huko. "*Te* ni hapana. Anasema yeye si soda. Anaomba musaada."

"Na soda atasema nini, Mama? Atasema nimekuja kukuua?"

Walibaki pale chini. Célestine aliangalia mstari wa miti mpaka macho yakamuuma. Askari hashuki peke yake, alifikiri. Wenzake wako wapi? Kila jani lililotikisika alilipa mkono na bunduki. Aliwaza kwamba yule anaita ili watu wajitokeze, na wakijitokeza wengine watafyatua. Kitu kama hicho alikiona kwa macho yake: mtu alilia njiani akiomba maji, na waliompelekea maji hawakurudi.

Sauti iliendelea kuita. Kwanza iliita kwa nguvu, halafu kwa kupumzika, halafu kwa muda mrefu haikuita. Jua lililokuwa begani kwake lilihamia shingoni. Sauti iliporudi haikuwa tena na maneno, ila kilio chembamba, na ndani ya kilio neno moja la Kifaransa ambalo halikuhitaji mtu wa kulitafsiri: *maman*.

"Célestine," mkwe wake alisema. "Weye unaona nguo zake. Miye sioni kitu. Nasikia tu mutoto wa mutu anakufa."

"Naogopa, Mama."

"Hata miye."

Célestine alichukua panga na kwenda. Alitembea ameinama, akasimama mara tatu, na mara ya tatu kidogo arudi. Alipofika kwenye miti alimwona. Kitambaa kilikuwa kimenasa juu kabisa, na kijana alining'inia kwenye kamba zake, miguu yake ikiwa usawa wa mabega ya Célestine. Mikanda ilikuwa imembana mapajani. Mkono mmoja ulikuwa umepinda mahali usipopinda. Kichwani alikuwa na kofia ngumu, na nguo zake zilikuwa nyekundu na njano. Miguuni alivaa viatu vya kukimbilia, vile vinavyouzwa sokoni. Hakuwa na bunduki.

Alifumbua macho. Alipoona panga, alianza kulia upya.

"Sitakuua," Célestine alimwambia. "Nikukatie hizi kamba?"

"Hapana! Nitaanguka." Kiswahili chake kilikuwa cha kuokotaokota. "Mikanda, mama. Damu imefungwa. Inua miguu. Inua tu."

Célestine alitupa panga, akaingia chini yake, akaweka miguu ile miwili juu ya mabega yake na kusimama wima. Kijana alikuwa mzito kuliko gunia la mihogo. Alimsikia akivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetolewa majini.

"Jina yako?" kijana aliuliza baada ya muda.

"Célestine."

"Miye Élysée." Alihema. "Wenzangu watakuja. Sisi tukiruka wanne, tunahesabu wanne. Hawaendi bila mutu."

"Watakuja na nini?"

Kabla hajajibu, majani yalikatika nyuma yao. Papa Mahamudu alitokea na wanaume saba wenye mapanga na mikuki. Yeye mwenyewe alikuwa na bunduki yake ya kuwindia, na mdomo wake wa chuma ulikuwa unamwangalia Élysée kifuani. Ndugu zake wawili walikuwa wamezikwa Wamaza pamoja na Jean-Baptiste, kwenye shimo moja.

"Toka hapo, Célestine!"

"Sitoki."

"Amekushika?"

"Miye ndiye nimemushika, Papa. Nikitoka atakufa."

"Na afe!" mmoja wa wale wanaume alisema. "Wenzake wako njiani!"

Élysée alifungua mdomo. Célestine alijua ni lugha gani itakayotoka, na alijua itafanya nini kwenye kidole cha Mahamudu. Alimfinya mguuni kwa nguvu zote. "Nyamaza, mutoto wangu," alinong'ona. Élysée akanyamaza.

"Papa Mahamudu, angalia viatu vyake," alisema. "Angalia kiuno. Bunduki iko wapi? Umeona soda wa kuvaa manjano?"

Mzee alizunguka polepole, kidole hapo hapo. Jasho lilimtoka puani. Alikuwa hajawahi kuonekana mwoga mbele ya vijana wake, lakini sasa Célestine aliona wazi kwamba yule mwenye bunduki ndiye anayeogopa kuliko wote, na hilo lilimtisha zaidi.

Pikipiki ilinguruma upande wa barabara. Wanaume wote walichuchumaa kwenye majani. Célestine peke yake alibaki amesimama, maana hakuweza kufanya lingine.

"Papa Mahamudu! Usipige!" Ilikuwa sauti ya Kadogo, mwenye pikipiki ya kubeba abiria anayejulikana barabara yote ya Kabambare. Alikuwa ameona mashamba matupu na moto unaowaka peke yake, akaelewa. "Usipige! Ni watu wa sikukuu! Wanacheza tu!"

Nyuma yake alikuja mbio msichana aliyevaa nguo nyekundu na njano. Aliwapita wale wenye mikuki kana kwamba hawaoni, akafika chini ya mti, akashika miguu ya Élysée pamoja na Célestine.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda haraka. Vijana wawili walipanda mti, wengine wakamshika chini, mikanda ikakatwa. Wale wale waliokuja kumuua walikata miti miwili, wakafunga bashi la kibanda cha Célestine katikati, wakampandisha na kukimbia naye hadi barabarani, Mahamudu mbele akifungua njia kwa panga. Gari la misheni lilikuja kuwapokea njiani. Élysée aliomba maji. Msichana alisema asipewe mengi, Célestine akamlowesha midomo kwa kidole.

Alikufa saa nane mchana, hospitalini Kasongo.

Habari ilifika mashambani kabla ya jioni. Honorine alikuja, akakaa na Célestine, na mwisho wakamaliza kung'oa mstari wa karanga waliouacha asubuhi. Mahamudu hakuonekana.

Kesho yake yule msichana alirudi kuchukua parashuti. Aliitwa Victoire, na ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi chao. Célestine alimsaidia kukivuta kitambaa kutoka mtini, na walipokuwa wanakikunja Victoire alifanya kazi kwa makini sana, akilainisha kila mkunjo kwa kiganja, ingawa kilikuwa kimepasuka na hakuna atakayeruka nacho tena.

"Mama Célestine," alisema bila kuinua macho. "Aliita kwa muda gani?"

Swali hilo Célestine alikuwa amelisubiri toka jana. Alikuwa amelala nalo. Angeweza kusema hakusikia.

"Muda mrefu," alijibu. "Alianguka kabla ya saa tatu. Miye nilikuja jua likiwa hapa." Akaonyesha. "Nilimusikia wakati wote. Niliogopa. Nilikuwa pale kwenye mihogo, na nilimusikia."

Mikono ya Victoire ilisimama. Célestine alingoja. Alidhani atapigwa, na aliona afadhali apigwe.

"Daktari anasema alivuja damu ndani ya tumbo," Victoire alisema mwishowe. "Nilimuuliza kama angepona tungefika mapema. Akasema labda. Alisema tu hivyo, labda." Alifuta pua kwa mkono. "Ndani ya ndege miye ndiye natoa alama ya kuruka. Watatu walikwenda vizuri. Ilipofika zamu yake wingu lilifunga. Rubani alisema tushuke naye. Élysée alisema anaona barabara, na miye nikaona barabara, nikamugonga begani aende. Ilikuwa barabara ingine. Sheria yetu ni moja: kama hauone kiwanja, hauruke. Nilifundisha hiyo sheria miaka sita."

"Kwa nini ulimuacha aruke?"

"Watu walikuwa wamejaa chini. Walikuwa wanangojea wa nne, yule wa kushuka na bendera."

Célestine alisogea, akashika upande wa pili wa kitambaa, wakaendelea kukunja.

Siku iliyofuata maiti ilisafirishwa kwenda Kinshasa. Célestine alienda mjini kwa miguu, na Mahamudu akaenda naye, amevaa kanzu safi. Hakusema lolote njiani isipokuwa kwamba amekwenda kwa mkuu wa teritware, yaani wilaya, na kumwambia mbele ya watu kwamba siku nyingine wakialika ndege, wawaambie na wenye mashamba. Kiwanjani Victoire na wale vijana watatu waliobaki walikuwa wamekaa chini kuzunguka sanduku, mabega yakigusana. Walipomwona Célestine walisogea, wakamfanyia nafasi katikati yao. Yeye aliona aibu kukaa pale. Alikaa.

Simu ya Victoire ililia. Aliongea kidogo kwa Kilingala, halafu akamnyooshea Célestine.

"Ni mama yake. Anataka weye."

"Sijui luga yake."

"Nitakusemea."

Célestine aliweka simu sikioni. Alisikia mwanamke anapumua mbali sana, halafu maneno mengi, taratibu, katika lugha ile iliyomfanya alale kifudifudi. Mwili wake ulitaka kuachia simu. Aliishika kwa mikono miwili.

"Anauliza kama mutoto wake aliogopa," Victoire alisema.

Célestine alifikiri jambo la kumpa mama wa mtu, jambo laini. Hakulipata.

"Mwambie ndiyo," alisema. "Aliogopa sana. Sisi wote tuliogopa. Mwambie alipoomba nimushike, nilimushika, na aliniuliza jina langu."

Victoire alisema maneno hayo kwenye simu, moja moja. Upande wa pili mwanamke akauliza neno fupi.

"Anasema, jina yako ni nani?"

"Célestine," alijibu mwenyewe, kabla Victoire hajasema. "Célestine wa Wamaza."