Riwaya za Boksi la Vibovu

Mwezi huu nimesoma riwaya nne mpya za mapenzi, na tatu kati yake zimeniudhi. Nasema mapema kwa sababu watu hudhani mpenzi wa riwaya za mapenzi anapenda kila kitabu chenye busu ndani yake. Mimi nachagua. Nikipenda napenda kweli, na nisipopenda nasema.

Ya kwanza ilikuwa ya daktari. Daktari kijana, mabega mapana, amempenda mgonjwa wake. Sawa. Lakini kitabu kizima hatumwoni kazini hata siku moja! Asubuhi yuko bustanini na bibie, mchana wako hotelini, jioni wanatazama mwezi. Nikajiuliza wagonjwa wengine wanatibiwa na nani. Ya pili ilikuwa ya ndugu wawili wanaompenda mwanamke mmoja, naye hawezi kuchagua mpaka mmoja wao apate ajali. Mwandishi akiishiwa na la kusema, gari linaacha njia. Nilimsomea Mama, naye akasema huyo mwanamke angepewa sufuria zenye masizi asugue, akili ingemrudi.

Vitabu hivi sinunui. Nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, upande wa kufunga maboksi. Vinavyotoka vizuri navifunga vinakwenda madukani. Vyenye kasoro vinatupwa kwenye boksi kubwa karibu na mlango, tunaliita boksi la vibovu, na mfanyakazi yeyote anaruhusiwa kuchukua kabla havijapelekwa kusagwa. Wenzangu huchukua vya kuwashia moto, mimi huchukua vya kusoma. Ndiyo maana wananiita Bi Harusi. Kila kitabu ninachobeba kinaishia harusini, na ndoa yangu mwenyewe ilivunjika zamani, nikarudi kwa Mama na sanduku moja. Wakiniita hivyo wanacheka, nami nacheka nao, sina neno.

Kusema kweli, sikuwa nikichukua mwenyewe. Aliyekuwa akiniletea ni Gundi.

Gundi ni fundi wa mashine inayobandika majalada. Ni mtu mkubwa wa mwili, alifiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, wanawe wana nyumba zao, na vidole vyake vina gundi iliyokauka hata siku za mapumziko. Maneno yake ni ya kuhesabu. Riwaya mpya ya mapenzi ikipita kwenye mashine, siku mbili tatu baadaye ananiletea nakala kwenye meza ya chai, anaiweka mbele yangu, anakwenda zake. Nikishaimaliza anauliza, "Hiki vipi?" Basi. Nami namwaga yote, kuanzia jalada hadi harusi, yeye anakunywa chai na kusikiliza. Sijamwona akimsikiliza mtu mwingine hivyo. Meneja akihutubia, Gundi hutazama dari.

Nakala zangu hazikuwa na ubaya wa maana. Moja jalada limepinda kidogo, nyingine ina doa la wino. Nilijihesabu mtu mwenye bahati na lile boksi.

Sasa riwaya ya tatu, hiyo ndiyo iliyonichemsha damu. Kuna seremala anampenda mwalimu. Anamtengenezea paa, anamtengenezea mlango, anamtengenezea kabati. Mwalimu anangoja aseme. Hasemi. Kurasa mia mbili, mtu ana mdomo na ulimi, hasemi! Mwishoni mwalimu anaolewa na mkaguzi wa shule, na seremala anatengeneza viti vya harusi. Eti hapo tulie. Mama alilia. Mimi nilikitupa chini ya kitanda.

Kesho yake, ilikuwa Ijumaa, Gundi hakunisubiri nimalize kuweka sukari. Alivuta kiti karibu na changu, akafuta vidole kwa kitambaa, akasema, "Bi Harusi, wananihamisha. Wamefungua tawi mji mwingine, na mashine imeshafika."

"Lini?"

"Jumatatu nakwenda kuifunga. Ijumaa ijayo narudi kuchukua vifaa na kuaga. Jumamosi naondoka moja kwa moja." Akatazama ndani ya kikombe. "Kuna jambo nilitaka kukuuliza. Lakini kwanza, yule seremala, wewe ulimwonaje?"

Ningenyamaza kidogo hapo, ningeona. Lakini mtu akishaniuliza habari za kitabu, mimi breki sina.

"Yule gogo? Mwanamume asiyesema hapendi. Yule alikuwa anapenda mbao zake. Aje kwangu mtu kama yule na nyundo yake, nitamlipa ufundi wake nimfungie mlango!"

Mama Pacha, mwenzetu anayepanga karatasi, alicheka mpaka chai ikampalia. Gundi hakucheka. Alimalizia kikombe chake, akasema, "Nimeelewa," akarudi kwenye mashine kabla ya kengele.

Jambo lake hakuniuliza. Mimi si mtoto, nilihisi kuna kitu nimekivunja. Lakini nina kichwa kigumu, na kichwa kikaniambia kwamba kama ana neno, aseme, mdomo anao. Jumatatu ilipofika hakuwepo, na mashine yake ilikuwa inaendeshwa na mtu mwingine anayepiga mluzi.

Wiki hiyo ndiyo ikatoka riwaya ya nne. Hakukuwa na wa kuniletea, nikainama kwenye boksi la vibovu, nikachukua nakala ya juu.

Hii nimeipenda, na nitasema kwa nini. Ni ya mjane mwenye duka la vitambaa na fundi saa aliye jirani yake. Watu wanafanya kazi humo! Mjane anapima vitambaa, fundi saa anaumwa macho kwa kazi ndogondogo, na mapenzi yanaingia kwenye nafasi zilizobaki, kama ilivyo kwetu sote. Hakuna anayepata ajali. Nilimsomea Mama tangu asubuhi siku ya mapumziko ya katikati ya wiki, na alasiri tukafika pale fundi saa anapobisha hodi kwa mjane, amevaa shati la kupigwa pasi. Mjane akafungua. Fundi saa akakohoa kidogo, akasema.

Nikageuza ukurasa.

"Akasema nini?" Mama aliuliza.

"Sijui, Mama. Hapa wanagombana juu ya rangi ya mapazia."

"Wameshaoana?"

"Inaonekana."

"Inaonekana? Nimekaa hapa kutwa namngoja huyo mwanamume afungue mdomo, halafu unaniambia inaonekana?" Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mimi ndiye ninayemsomea. Siku hiyo alinigeuzia uso kama mtu aliyeibiwa. "Rudi nyuma. Umeruka wewe."

Sikuwa nimeruka. Kurasa kumi na sita hazikuwepo.

Kesho yake nilimwendea Mama Pacha kwenye meza yake, nikamlalamikia kwamba boksi limeniangusha, tena pale penye utamu wenyewe.

"Umekosa mkunjo mmoja," alisema, mikono yake ikiendelea na kazi. Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Ni karatasi kubwa zinazokunjwa, kila mkunjo una kurasa kumi na sita, na Mama Pacha huipanga mikunjo kwa mfuatano kabla haijafika kwenye gundi. "Sasa ulitegemea nini? Kimetupwa kwa sababu hiyo. Vyote vya mle ama vimekosa mkunjo, ama vina mkunjo mmoja mara mbili. Kwa doa tu hatutupi kitabu, shoga. Tunafuta, tunauza."

"Vyangu havijawahi kukosa mkunjo."

Mikono yake ikasimama. "Hivi kweli hujui?"

"Nijue nini?"

"Ukimwona Gundi amepiga magoti kwenye magunia ya taka wakati wenzake wanakula, ulidhani anatafuta nini? Anatafuta mkunjo wako! Akiupata anabandua jalada, anaupachika mahali pake, anabandika upya kwa mkono. Ndiyo maana vinakufikia vimechelewa. Sisi wote tulidhani unajua, na kwamba unamringia tu."

Nilirudi kwenye maboksi yangu, nikayafunga vibaya mpaka msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Nilipofika nyumbani nilivitoa vitabu vyote rafuni. Nikavitazama upande wa kurasa, kimoja kimoja. Kila kimoja kilikuwa na sehemu nyembamba iliyochomoza kuliko nyingine, kama jino lililokaa mbele. Nilikuwa nimeziona zamani, nikasema kisu cha kukatia kingo kiwandani ni butu. Kisha nikapiga magoti nikakitoa cha seremala chini ya kitanda. Uliopachikwa humo ulikuwa mkunjo wa mwisho, ule wa viti vya harusi.

Yaani Gundi alichakura taka kunitafutia kurasa ambazo seremala anampoteza mwanamke kwa kunyamaza kwake. Bila shaka alizisoma wakati anazipachika. Akaja kuniuliza nimemwonaje, nami nikamwita gogo. Nililia pale pale sakafuni. Nilikuwa nampenda yule mtu. Nilikuwa nampenda kitambo, na nilikaa tu nikingoja aniambie, kwa sababu vitabuni ndivyo inavyokuwa.

"Unalia kitabu gani?" Mama aliuliza kutoka chumba cha pili.

"Cha seremala."

"Si ulisema ni cha kipuuzi?"

"Nimekosea, Mama."

Ijumaa nilimkuta Gundi kando ya mashine yake, anafunga spana kwenye kitambaa. Alinisalimu kwa kichwa. Nikajisemea kwamba nikianza na habari za hali ya hewa nitaishia hapo hapo.

"Gundi, nimebadilisha maoni yangu kuhusu yule seremala."

Aliweka spana chini. "Hakusema," alisema taratibu.

"Hakusema, na hilo ni kosa, silifuti. Lakini mwalimu naye alikuwa na mdomo! Nani alimzuia kusema yeye? Miaka yote hiyo kakaa chini ya paa la mtu, anangoja. Basi mimi sitaki kuwa mwalimu. Najua ulichokuwa unafanya na vitabu vyangu. Nakupenda. Jibu unavyotaka, ila usiniambie umeelewa."

Balaa ni kwamba yule wa mluzi alikuwa amezima mashine, kwa hiyo idara nzima ilinisikia. Mama Pacha alijifunika uso kwa karatasi.

Gundi akainama kwenye mfuko wake wa vifaa, akatoa mkunjo mmoja uliokunjwa vizuri, akaupangusa vumbi kwa kiganja. "Wa mjane na fundi saa," alisema. "Mama Pacha aliniambia umekosa. Nimeupata asubuhi hii."

Mwanamke mwingine angeyeyuka hapo. Mimi hasira zilinipanda.

"Siupokei," nilisema. "Kurasa umenipa za kutosha. Huu utampelekea Mama, umsomee wewe mwenyewe, maana yeye ndiye aliyekaa anangoja. Leo, baada ya kazi."

Akaja. Alikuwa amevaa shati la kupigwa pasi, na sijui kama alikuwa ameshakisoma kitabu chenyewe.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye mwenye kurasa zangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Keti. Tuliishia mlangoni."

Gundi alikaa ukingoni mwa kiti akaanza. Jamani, alisoma vibaya. Alisoma kama anasoma maelekezo ya mashine, anapumzika mahali pasipo na nukta na kuharakisha palipo nayo. Nilisimama mlangoni pa jikoni na kikombe chake cha chai mkononi. Fundi saa akaomba maji. Fundi saa akasifia mapazia. Mama akaguna. Fundi saa akasema, "Nimekuja kwako kwa sababu," na hapo Gundi akanyamaza.

Tulingoja. Alikuwa ameshusha karatasi magotini, ananitazama mimi.

"Nimechelewa kusema," alisema, "kwa sababu kila nikifika kwako wewe ndiye unayeongea, na mimi hakuna kitu ninachopenda kama kukusikiliza. Nikasema ngoja amalize. Nakupenda. Nyumba waliyonipa kule ina vyumba vitatu, na kimoja ni cha Mama. Nataka unioe." Akashtuka. "Nataka nikuoe."

Chai ilinimwagikia vidoleni, wala sikuisikia.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa upande wa sikio lake zuri. "Hayo yameandikwa humo?" aliuliza.

"Hapana, Mama," Gundi alisema. "Hayo ni yangu."

Mama akafikiri kidogo. "Kwenye kuoa umejikwaa," alisema, "lakini yamenigusa kuliko ya fundi saa. Mjibu, mwanangu, kisha umwache aendelee. Na mjane naye tumsikie atasemaje."

Nikamjibu, naye akatafuta mstari alipoishia, akaendelea kusoma.