Dhiraa ya Fundi Sefu

Asubuhi ile Fundi Sefu alikuwa amechuchumaa kwenye umande, chini kidogo ya Makumira, akimkadiria Mdachi mmoja nyumba. Kwanza alitema mate pembeni, kama wafanyavyo mafundi kabla ya kutaja hesabu wasiyoiamini wenyewe, kisha akaanza. Mawe ya msingi yatatoka mtoni. Chokaa itatoka Pwani, vichwani mwa watu. Mbao za mtarakwa zitashushwa kutoka mlimani, mabati yatakuja kwa msafara. Baada ya nyumba ikaja bustani, maana Mdachi yule alitaka bustani kubwa kuliko nyumba: njia ya changarawe, ngazi za mawe, bwawa la samaki wasioliwa, maua ya waridi, na uwanja wa majani ambao ng'ombe hawataruhusiwa kukanyaga. Hilo la mwisho Sefu aliuliza mara mbili, asije akakosea.

Watu walimwita Mdachi huyo Bwana Sasahivi, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolijua vizuri. Alikuwa na kamba ya chuma ya kupimia, yenye namba, inayojikunja yenyewe ndani ya kikebe. Aliitumia siku moja tu. Kamba ile ilipima ardhi kama ilivyo, na ardhi kama ilivyo haikumtosha. Akairudisha sandukuni, akamwita Sefu.

Sababu ilikuwa mkono. Sefu alikulia Pangani, katika duka la nguo, na huko kila mtu anajua kwamba dhiraa ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, ila haikusemwa kiwiko cha nani. Ndiyo maana mtu mwenye akili akienda kununua kaniki hufuatana na mjomba wake mrefu, na mwenye duka naye humweka mpimaji mfupi. Sefu alitosha kuwa wote wawili. Tajiri wake akiuza, mkono wa kulia wa Sefu ulisinyaa ukawa kama wa mtoto anayetambaa. Tajiri wake akinunua, ulirefuka mpaka ukagonga rafu za upande wa pili. Haukumuuma hata kidogo. Taabu yake ilikuwa kanzu tu, na hiyo aliimaliza kwa kushona mkono mmoja wa kanzu uwe mpana wa kukunja. Mkono ulimfuata anayelipa, basi, na Pangani nzima walikuwa wamekwisha kuuzoea.

Wazee wa pale waliambiwa watoe kiwanja. Hawakuombwa, waliambiwa, lakini kwa heshima zote, askari wakiwa wamekaa kitako. Msemaji wao, mzee Lesikar, aliona upuuzi kupima ardhi kwa chochote kile. Kwao mpaka ulikuwa mfereji: maji yakiishia hapa ni kwa fulani, yakipita ni kwa mwingine. Hata hivyo dhiraa aliijua, amekwisha kuiona dukani Arusha, tena aliiona ikipimwa na mtu mfupi. Akakubali dhiraa mia mbili kila upande, kuanzia kwenye mti wa mringaringa ulio kando ya njia. Kwa jicho lake zingeishia malishoni, mbali na mfereji.

Ng'ambo ya mfereji kulikuwa na migomba ya Simaloi, mjane, mama mkwe wa Sefu. Mumewe alikuwa amezikwa katikati ya migomba hiyo, na nyumba iliyokuwa mbele yake Simaloi aliikandika kwa viganja vyake mwenyewe. Hakuwa na ardhi nyingine duniani. Kwa desturi ya kwao, mkwe na mama mkwe hawatazamani wala hawali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia majanini mpaka mwenzake apite. Sefu alikuwa amemwoa binti yake Nanyori miaka mingi, wamezaa, na bado hakujua mama huyo ana macho ya namna gani. Shikamoo yake aliipeleka mgongoni, na marahaba ilimrudia kupitia ukutani.

Habari za kiwanja zilipomfikia, Simaloi alikuja kwa Sefu, akasimama mlangoni, akawapa kisogo.

"Mwambie mumeo," alimwambia Nanyori, na Sefu ameketi palepale, "nimesikia mkono wake humfuata anayelipa. Basi na mimi nataka kuulipa."

Hapakuwa na mtu aliyeona kosa katika maneno hayo. Akaleta kondoo dume mnono kuliko wote, na kibuyu cha maziwa. Nanyori akapika loshoro ya mahindi na maziwa, akampa Sefu bakuli lake na mkono bakuli lake, na lile la mkono Sefu akalimaliza kwa niaba yake. Kila jioni mkono ulikandwa kwa mafuta ya kondoo, umenyooshwa kwenye ngozi, Sefu amefumba macho kama bibi harusi anayesingwa. Alinenepa. Walipoujaribu uani, mkono ulikuwa wa kawaida kabisa, dhiraa ya mtu wa haki, na Simaloi alipopelekewa habari hizo alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mambo hayo yaanze.

Siku ya kupima walianza kwenye mringaringa. Sefu alitambaa, kiwiko chini, kidole mbele, kiwiko tena, na mkono ukakaa kama mkono wa binadamu. Lesikar alifuata nyuma akihesabu kwa sauti. Bwana Sasahivi alifuata chini ya mwavuli. Malisho yalikuwa mbele yao, mfereji mbali, na hata mtoto angeona kwamba hesabu ingeishia kwenye majani.

Bwana Sasahivi hakukasirika. Aliinama, akamgusa Sefu begani, akayakusanya maneno yake machache.

"Mabati yatabaki," alisema. "Nyumba yako, Sefu. Juu, mabati."

Sefu alifuta udongo kiwikoni. Aliwaza masika. Aliwaza nyasi za paa lake, na masufuria ambayo Nanyori huyatega kila kona mvua ikinyesha, na jinsi majirani watakavyosimama njiani kulitazama bati likimeremeta. Aliwaza na migomba pia, tusimsingizie; alimpenda mama mkwe wake, kwa namna mtu awezavyo kupenda kisogo. Kisha akaweka kiwiko chini.

Mkono ulitoka. Ulipita malishoni, ukapita chini ya tumbo la ndama, ukavuka mfereji ukalowa, ukaingia kati ya migomba, kuku wakaupisha. Simaloi alikuwa ndani akimenya ndizi alipoona vidole vinne na kidole gumba vimefika kizingitini, vinang'aa kwa mafuta. Aliyajua mafuta yale. Aliweka kisu chini.

"Arobaini na moja," alisikika Lesikar kwa mbali, akiendelea na hesabu pale ilipofika.

Dhiraa zilizobaki zilipanda kilima na kushuka upande wa pili. Hakuna mzee aliyeweza kulalamika, maana hesabu ilikuwa mia mbili, haikuzidi, na Lesikar mwenyewe ndiye aliyeitamka. Usiku ule Sefu alimwambia mkewe kwamba mkono ulimponyoka. Nanyori alimwuliza kama mkono ndio unaovujiwa na mvua. Sefu akageukia ukutani. Aliona haya, haya ya kweli, ya kuchoma kifua, na katikati ya haya hiyo alijikuta anapanga mabati yaanze upande upi.

Fidia ya Simaloi ilikadiriwa kuwa dhiraa ishirini za marikani. Ilikuwa kwa ajili ya migomba, nyumba na maji. Kaburi halikutajwa, kwa kuwa halikuwa limeezekwa. Mlipaji alikuwa Bwana Sasahivi, kwa hiyo mkono ulisinyaa mpaka ukabaki kama kidole cha mtoto. Nguo iliyopatikana ilitosha kufunika kibuyu. Simaloi aliipokea kwa mikono miwili, amegeuka upande, akashukuru. Migomba ikakatwa wiki ileile. Mfereji ukageuzwa kwenda kwenye bwawa la samaki wasioliwa, na pale alipolala mumewe pakawekwa maua ya waridi, yakastawi upesi sana. Bwana Sasahivi aliyasifu mbele ya wageni.

Mabati yalibaki kweli. Mdachi yule alikuwa na mabaya mengi lakini hakusahau ahadi kwa mtu aliyemfaa. Sefu akajikadiria nyumba: fito, udongo, kamba za migomba, mabati, na chumba cha mama mkwe, maana Nanyori alikwisha kusema mama yake hatalala kwenye majani. Safari hii mlipaji alikuwa Sefu mwenyewe, na mkono ukamhurumia tajiri wake, ukasinyaa. Dhiraa zilikuwa zilezile alizozitamka, ila ukuta wa kutenga ulipofika zamu yake, nafasi ilikuwa imekwisha. Katika makadirio yake alikuwa amehesabu kila kitu isipokuwa heshima, na heshima inataka mahali pa kugeukia: mlango wa pili, kona, japo mgomba mmoja wa kujificha nyuma yake. Simaloi alijikunja karibu na meko, magoti kifuani. Mvua ikaja, na bati halikuvuja. Majirani walisimama njiani, wakatazama.

Bustani ilimpendeza mgeni mmoja wa Bwana Sasahivi, naye akataka ya kwake, na Sefu akaitwa. Asubuhi ya kuondoka, Nanyori alikuwa anapuliza moto na mama yake anakoroga uji. Sefu alijibana apite, Simaloi akageuka ampishe, na kwa kuwa hapakuwa na pa kugeukia, uso wake ukaja mbele ya uso wa mkwe wake. Alikuwa na macho kama ya Nanyori. Hakuyainamisha.

"Leo ni shamba la nani?" aliuliza.

Sefu alimjibu kwamba ni la Lekishon, ng'ambo ya mto. Lekishon alikuwa ndugu yake Simaloi, wa tumbo moja. Nanyori akaacha kupuliza.

Simaloi aliuweka mwiko chini. Kisha akachukua bakuli, akalijaza uji, akamwekea Sefu. Akachukua na la pili, akalijaza mpaka ukingoni, akaliweka upande wa kulia wa Sefu, mbele ya mkono.

"Ukipewa mabati mengine, mkwe," alisema, "niongezee ukuta."