Mwewe na Mdudu wa Chanjani

Mwalimu Gwantwa ana ulimi mwepesi, na siku ile ulimtangulia. Mwalimu Mkuu Yesaya alisimama mlangoni mwa darasa la nne, akatazama watoto walivyochafuka udongo mpaka viwikoni, kisha akauliza kama mtihani wa taifa siku hizi unaandaliwa kwa kufinyanga. Mwenye busara angesema, "Samahani, Mkuu," yakaisha. Gwantwa akasema:

"Mkuu, nipe Ijumaa moja tu. Watoto watengeneze wanyama, wawafiche uwanjani, na wewe uwe mwewe. Ukiwakamata wote, au mtoto akishindwa kukueleza kwa nini mnyama wake amepona, naacha haya mambo. Tutanakili ubaoni mpaka Oktoba."

"Mimi niwe mwewe?"

"Uwe mwewe, Mkuu."

Mkuu akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Utotoni mwake kule Mbebe alikuwa bingwa wa manati, na nadhani kuna ndege wa Ileje ambao hawajamsamehe hadi leo. "Robo saa inanitosha," akasema, akaenda zake.

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Wiki nzima Gwantwa alikuwa na hofu na furaha kwa pamoja. Tangu aanze masomo ya kutengeneza, hata wale waliozoea kusinzia walikuwa wakigombana kuhusu shingo ya twiga na mwendo wa kinyonga. Kurudi kwenye kunakili kungemuuma sana, na alijua kungewauma wao zaidi.

"Msiniulize mnyama mzuri ni yupi," aliwaambia. "Jiulizeni anaishi wapi, anakula nini, na nani anataka kumla."

Hapo kijiji kizima cha Nanyala kikawa duka lao. Masudi, ambaye baba yake ni dereva wa lori na hukaa zaidi kwenye foleni ya mpakani Tunduma kuliko nyumbani, alileta kipande cha tairi akachonga mjusi. Yonathani alisuka ndege wa maganda ya mahindi. Atuganile, mtoto ambaye hujibu akishaulizwa mara mbili, aliomba udongo kidogo tu, akaondoka nao kiganjani.

Ijumaa ikafika na jua lake la Julai, kali juu, baridi chini. Nyuma ya madarasa akina mama walikuwa wameshazunguka chanja, kitanda cha miti cha kukaushia kahawa ya shule, maana kila wiki wazazi wa kitongoji kimoja hushika zamu ya kuichambua. Rimu ya gari, ndiyo kengele ya shule, ikagongwa. Mwewe akatoka ofisini na koti lake la suti.

Lo, alikuwa mwewe kweli! Mjusi wa Masudi alilala juu ya tairi la kuzungushia maua, mweusi juu ya mweusi, na angepona; lakini Masudi, kwa mapenzi yake, alikuwa amempaka macho kwa rangi nyekundu ya lori. Akanyakuliwa. Ndege wa Yonathani alikuwa mvunguni mwa tangi la maji, na mtaka cha mvunguni sharti ainame: Mkuu akalala kifudifudi na suti yake, darasa zima likalia kwa kicheko. Kila mnyama aliyekamatwa alishangiliwa kama bao. Gwantwa peke yake ndiye aliyekuwa akihesabu. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.

Robo saa ikaisha akiwa amebaki mnyama mmoja.

"Wa Atu!" watoto wakapiga kelele. "Wa Atu kapona!"

"Nimwone kwanza," Mkuu akasema huku akijipangusa vumbi.

Atuganile akawaongoza hadi kwenye chanja, kwenye mguu wa tatu kutoka mwisho, akachungulia kahawa. Akachungulia tena. Akasogea kushoto, akasogea kulia. Ndipo akamtazama mama yake, aliyekuwa miongoni mwa wachambuzi, na wote wawili wakaelewa. Kahawa ilikuwa imegeuzwa saa tatu, kama inavyogeuzwa kila siku ya kukauka. Mtoto aliyezaliwa kwenye kahawa, akaweka alama ya mahali kwenye kahawa! Watoto arobaini wakatoa macho juu ya chanja na hawakuona chochote ila punje.

"Mwalimu," Mkuu akamwambia Gwantwa taratibu, "mnyama asiyekuwepo hata mimi naweza kumficha."

Wawili watatu wakacheka chini chini. Gwantwa akasahau masomo yake yote. Alichotaka ni mtoto huyu asiitwe mwongo mbele ya mama yake.

"Atu," akasema, "hutuonyeshi?"

Atuganile akafumba macho. Akatandaza mikono miwili juu ya kahawa na kuanza kuipitisha vidoleni, haraka, kama afanyavyo nyumbani kila akitoka shule. Akina mama wakasogea karibu. Mikono ikaenda, ikarudi, ikasimama.

"Huyu hapa."

Kiganjani mwake palikuwa na punje ya kahawa. Angalau kila mtu aliona punje, hadi alipoigeuza: chini haikuwa na ule mstari wa katikati, bali miguu sita ya nyasi za ufagio.

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kwa nini sikumwona?"

Gwantwa akamgeukia Atuganile. Swali lenyewe ndilo hilo.

"Kwa sababu wewe ni mwewe, Mwalimu," Atuganile akasema. "Mwewe anatafuta kwa macho. Huyu nimemtengenezea macho yako." Akafikiri kidogo. "Lakini kuku angempata, maana kuku anapekua. Ili apone kwa kuku, ningemweka mahali pengine kabisa, au ningempa ladha mbaya."

Mama Atu akapiga kigelegele na wenzake wakakipokea. Mkuu akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Nimeshindwa," akasema. "Mmoja amepona."

"Wanane, Mwalimu," Atuganile akamsahihisha.

"Wanane?"

"Wadudu hawazaliwi mmoja. Saba bado wamo humu."

Mkuu akalitazama chanja lote, mita kumi na mbili za kahawa. Akavua koti, akampa Masudi alishike, akafumba macho na kuzamisha mikono. Rimu ikalia kuita kipindi cha hisabati.

"Mwambieni huyo mgongaji asubiri," akasema bila kufumbua macho. "Mwalimu Gwantwa! Ijumaa ijayo mimi ni mnyama gani?"

Gwantwa alikuwa anacheka huku machozi yakimtoka. Darasa la nne likamjibia kwa sauti moja:

"Kuku!"