Bibi wa Kitanda cha Tatu

Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, na Kafedha alikuwa amechoka kulala sakafuni kwa binamu yake huko Changamwe, ambako shemeji alianza kukohoa kikohozi cha maana kila alipomwona akitandika mkeka. Kwa hiyo Roseline, mwanafunzi mwenzake kutoka Busia, alipompigia simu kwamba amepata chumba Magogoni, kikubwa, chenye vitanda vitatu na kodi ya huruma, Kafedha hakuuliza huruma hiyo ilitoka wapi.

Alijua walipofika. Mama mwenye nyumba, Mama Munga, aliwaonyesha mfereji, choo na kamba za kuanikia nguo uani, kisha akasimama mlangoni mwa chumba akiwa ameshika pazia. Sharti lilikuwa moja. Kitanda cha ukutani kilikuwa na mwenyewe, naye ni mamake mzazi, Bibi Mbodze. Hasumbui mtu. Na wao wasimzungumzie huko nje.

Bibi alikuwa amekaa wima kitandani, leso mabegani. Uso wake ulikunjamana hadi macho yakazama, lakini nywele zake zilikuwa nyeusi tii, nyeusi kuliko za Kafedha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Roseline alimnong'oneza Kafedha kwamba bibi huyu anajipenda kuwashinda wao wawili. Kafedha hakucheka. Yeye alizaliwa kule ndani, mbali na bahari, na alijua kwa nini mzee wa umri ule hupaka nywele piko ziwe nyeusi. Kwao, kuna nyumba ambamo mvi zilitosha kumfanya mtu aitwe mchawi. Waliobahatika walikimbia. Wengine walikutwa shambani asubuhi, na majirani wakasema hawakusikia kitu.

Angeondoka siku ileile, ila alikikumbuka kile kikohozi. Akatandika shuka lake jipya, akapiga picha ya chumba na kuiweka kwenye simu ili mamake na binamu zake waone kwamba naye sasa ana kwake. Hakuangalia pembeni mwa picha.

Siku za kwanza alilala amempa bibi uso, hata shingo ikamuuma. Alijiambia yeye ni msomi, mambo ya uchawi ni ya kuwasingizia wajane wenye mashamba. Akili ilikubali, mwili ukakataa. Alifunika chai yake. Nywele zilizobaki kwenye kitana alizikusanya na kwenda kuzitupa chooni.

Kilichomtisha zaidi ni hodi. Pwani mtu akipigiwa hodi huitika, hata akiwa mgonjwa, hata akiwa na hasira. Bibi Mbodze hakuitika kamwe. Kafedha alirudi kutoka chuoni, akapiga hodi, akapiga tena, chumba kimya kama hakina mtu. Akifunua pazia anamkuta bibi amekaa palepale, macho kwake.

Jumamosi moja alasiri alimkuta uani, nyuma ya nguo zilizoanikwa, ana kipande cha kioo, kikombe cha piko na mswaki mkuukuu. Kwenye mashina nywele zilikuwa zimeanza kuota nyeupe. Mkono wake haukufika kisogoni.

"Mjukuu wangu, nisaidie hapa nyuma."

Kafedha alisita, kisha akauchukua mswaki. Shingo ya bibi ilikuwa nyembamba kama ya mtoto, nayo ilishtuka alipoigusa. Hapo akaelewa kwamba mle chumbani hakuwa yeye peke yake aliyelala macho.

"Kwetu mvi zimekuwa kesi," bibi alisema polepole. "Na mimi sina wakili ila kikombe hiki."

Alisimulia kidogo tu. Mumewe alikufa, shamba likabaki. Kisha mtoto wa jirani akaugua, na shemeji yake, ndugu wa marehemu, akaanza kuuliza watu kwa nini bibi huyu hafi.

Wiki iliyofuata Kafedha alikuwa uani anafua, mtu akaita ukumbini, naye akaenda kuitika. Alikuwa kijana nadhifu, shati limepigwa pasi. Alijitambulisha kwa jina la Chengo, akaongea Kigiriama kizuri, akamuuliza yeye ni wa mbari gani, akafurahi kusikia wanakaribiana. Kisha akatoa simu.

Ilikuwa picha ya Kafedha. Shuka jipya katikati, na pembeni, nusu uso, Bibi Mbodze, nywele nyeusi tii juu ya mikunjo. Binamu mmoja aliituma kwa mwingine, naye kwa mwingine, hadi ikafika ilikofika.

"Tunamtafuta mama mkubwa," Chengo alisema. "Familia imemkosa sana."

Kafedha alisikia povu la sabuni likikauka vidoleni. "Huyo ni bibi yangu."

"Anaitwa nani, wa wapi?"

Akataja jina la nyanyake aliyezikwa zamani, na kijiji alichozikwa. Chengo aliinamisha kichwa kwa adabu.

"Basi nimpe shikamoo yake, nijiendee."

Hilo ndilo lililomshinda Kafedha. Utamkatazaje mtu kumwamkia mzee? Pazia lilikuwa nyuma yake, karibu kiasi cha kulifikia kwa mkono. Akasema bibi ametoka. Chengo akasema hana haraka, akaketi kwenye benchi la ukumbini na kuiweka simu gotini, picha juu.

Roseline alimkuta hapohapo. Alikuwa ameingia na mfuko wa viazi, akasikia neno bibi tangu mlangoni, akaona ile picha na uso wa Kafedha.

"Kafedha, bibi amesema tusimpikie," alisema, akivua viatu. "Analala Likoni kwa shangazi, ati sisi chumvi tunaimwaga kama tunakausha samaki. Karibu viazi, kaka."

Chengo alimtazama, akatazama pazia. Akainuka, akashukuru. Alisema atarudi Jumapili, na wazee.

Walimkuta bibi amejibana nyuma ya kabati, leso ameiuma kwa meno. Kafedha alipiga magoti mbele yake.

"Ni mimi, bibi. Nilikupiga picha bila kujua."

Bibi aliitoa leso mdomoni. "Nilipendeza?" akauliza, na Kafedha akalia kama aliyefiwa.

Jioni Mama Munga alirudi kutoka sokoni, wakamweleza. Alitaka kumhamisha mamake usiku huohuo, lakini wapi? Yeye sasa wameshamjua, watamfuata. Na mkongwe apangaye chumba peke yake huzua maswali mtaa mzima. Roseline ndiye aliyesema, huku akimenya viazi, kwamba mkongwe mwenye wajukuu wawili chuoni hazui swali lolote. Kafedha aliogopa, lakini alikuwa ameanza kukunja shuka lake.

Wakarudia kutafuta nyumba, mara hii watu watatu. Huko Mjambere walimpata mzee mmoja mwenye chumba cha nyuma.

"Na huyu anasomea nini?" mzee aliuliza, akimwonyesha bibi kwa kidevu.

"Ni bibi yetu," Roseline alisema.

"Mbona hamfanani?"

"Tukishikwa na njaa tunafanana."

Mzee alicheka, akawapa ufunguo.

Jumapili ilipita, na nyingine. Mama Munga alituma habari kwamba watu walikuja, wakapekua hadi chooni, wakaondoka. Hakusema kama hawatarudi. Kafedha alifuta picha zote, lakini hofu hakuweza kuifuta. Ilimngoja kila siku alipokata kona ya dukani akitoka chuoni, ikamshika mkono hadi mlangoni.

"Hodi," aliita jioni moja.

Kimya. Mahali fulani redio ilikuwa inaimba.

"Hodi, bibi. Ni Kafedha."

Kimya tena. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, sauti ndogo ikatoka ndani.

"Karibu, mjukuu wangu."

Na komeo likaanza kufunguliwa.